Tiki Tano

Mimi ni mtu wa hofu tangu utotoni. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wa watu, naogopa simu inayolia nikiwa bado sijamaliza kula. Wanaonijua kazini hawaamini, kwa sababu nina mdomo mkali, na nikianza kufoka hata mlinzi hujifanya ana shughuli langoni. Ukweli ni kwamba nikiogopa ndipo napiga kelele. Nikinyamaza, hapo ndipo mtu angepaswa kuniuliza nimefanya nini.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nesi wa dirishani katika kliniki moja ndogo hapa Migori, kliniki ya watu wanaojitoa kwenye heroini. Wao wenyewe huiita unga. Dawa tunayowapa ni methadoni, dawa ya maji, na wanainywa kila siku mbele ya macho yangu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu anafika, anataja namba yake, napima dozi kwenye kikombe cha plastiki, naongeza sharubati kidogo ili uchungu upungue, anakunywa. Kisha lazima aniambie neno lolote, hata kama ni kunitukana kidogo, ili nijue amemeza. Baada ya hapo natia tiki kwenye daftari, kwenye mstari wake, chini ya tarehe ya leo.

Kupima dawa hakunisumbui. Kinachonitoa jasho ni kuwafanya warudi kesho. Kuna mvua, kuna vibarua, kuna polisi wanaowasimamisha njiani na kuwapekua, kuna rafiki wa zamani anayemngoja mtu kwenye kona akiwa na kitu mfukoni. Mtu akikosa siku moja au mbili, anaendelea na dozi yake. Akikosa tatu mfululizo, lazima daktari amwone na dozi ipunguzwe. Akikosa tano, anaanza upya kutoka chini kabisa, kwa sababu mwili umeshasahau, na dozi aliyokuwa akiinywa wiki iliyopita bila shida inaweza kumlaza asiamke. Hilo la mwisho nalijua kama ninavyojua jina langu. Naliandika hapa mapema ili msomaji asije akanihurumia kwa kudhani nilikuwa sijui.

Juu ya sheria hizo, kliniki yetu ilikuwa na yake. Mgonjwa akipotea hivyo, siku tatu au zaidi, kwa mara ya tatu anafutwa kwenye orodha na kupelekwa nyuma ya wote wanaongoja nafasi. Waliongoja kwa miezi. Wengine tulisikia habari za kuzikwa kwao kabla zamu yao haijafika.

Mgonjwa ninayemkumbuka leo alikuwa amepotea mara mbili. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, fundi wa kuchomelea vyuma, kifua kipana, mikono yenye makovu ya cheche. Mara ya kwanza alipata kazi ya mageti Isebania, akajiambia atavumilia. Mara ya pili mtoto aliugua. Mara zote mbili alirudi kwenye unga kabla wiki haijaisha, na mara zote mbili mkewe ndiye aliyemrudisha kwetu, akiwa amemshika kiwiko. Mimi ni Mkuria, kwa hiyo yule fundi aliniita nyar Kuria, binti wa Kuria, kama Wajaluo wanavyomwita mwanamke kwa jina la kwao. Kijaluo nakisikia lakini ulimi hukataa, hivyo tuliongea Kiswahili, naye alinicheka jinsi ninavyofoka.

Alhamisi moja alikunywa dozi yake, miligramu tisini, akabaki amesimama.

"Mzee amelala, nyar Kuria," akasema. "Baba yangu. Ako mochari Homa Bay. Tunazika Jumamosi, huko nyumbani mbele ya Asumbi. Na mimi ndio kijana wa kwanza. Siwezi kosa."

Nilimpa pole. Kisha nikaanza kuhesabu kichwani, na nilihesabu kwa namna nilivyolelewa. Kwetu, nilivyokua nikiona, mtu alizikwa upesi na siku ya pili watu walikuwa shambani. Nikajiambia: Ijumaa wanaleta mwili, Jumamosi wanazika, Jumapili huyu yuko dirishani kwangu. Siku mbili. Siku mbili si kitu.

"Nenda uzike, urudi," nikamwambia. "Jumapili nikuone hapa."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akaona foleni nyuma yake, akaondoka. Sasa najua alitaka kusema siku mbili hazitoshi. Dawa haitoki nje ya dirisha, hakuna kubeba nyumbani, na sikujua mahali karibu na kwao pa kumpeleka akanywe. Ningemwambia daktari wetu siku ile ile, huenda angepata njia. Sikumwambia. Niliogopa akisikia neno matanga ataanza kuhesabu, na hesabu yake haitakuwa kama yangu.

Ijumaa nilimtilia tiki. Nataka kueleza nilivyofanya, kwa sababu nimejisikia nikilieleza jambo hili kwa watu kana kwamba kalamu iliteleza. Haikuteleza. Jioni chupa ya dawa hupimwa na lazima ilingane na daftari. Kwa hiyo nilipima dozi yake kamili kwenye kikombe, nikaangalia mlango, nikaimwaga kwenye sinki na kufungua bomba juu yake mpaka sharubati ikaacha kunukia. Kisha ndipo nikatia tiki. Jumamosi nikafanya hivyo tena. Nilijiambia ni siku mbili tu, na siku mbili hazina madhara, lakini nisipozifunika, ikiongezeka siku ya tatu itahesabiwa amepotea mara ya tatu, na mtu huyu amefutwa. Nilifanya kwa kumpenda. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mgonjwa aliyemsumbua sana.

Jumapili hakuja.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeshamwaga mara tatu, alinipigia simu. Alikuwa amejificha nyuma ya zizi, sauti inatetemeka, meno yanagongana. Ndipo aliponieleza. Baada ya kuzika, watoto hawatawanyiki. Wanakaa siku zao, aliyezikwa akiwa mwanamume ni nne, wananyolewa, wanakula pamoja, halafu ndipo watu wanaondoka. Yeye akiwa wa kwanza hawezi hata kutoroka nusu siku. Mama yake angeuliza, baba zake wadogo wangeuliza, na hakuna aliyejua kwamba yeye anakunywa dawa. Kule nyumbani wanajua tu kwamba ni fundi Migori.

"Pua inatoka maji, sista. Machozi yanatoka yenyewe. Miguu inacheza usiku wote. Na unajua watu wanasema nini? Wanasema huyu kijana alipenda babake. Wamama wananiletea uji."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na yeye akacheka kidogo, halafu akatapika. Nilimsikia.

"Sijagusa kitu," akasema akirudi kwenye simu. "Kuna mtu hapa Rangwe ako nayo, namjua. Sijaenda. Niambie tu, bado niko kwa kitabu?"

"Uko."

"Basi nitavumilia. Alhamisi niko hapo."

Alhamisi ilinifaa, kwa maana Jumatano ilikuwa siku yangu ya mapumziko na Alhamisi ningekuwa dirishani mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga: akifika, nitamvuta kando kabla hajanywa, nitampeleka kwa daktari na kusema lolote litakalokuja kinywani, aanzishwe na dozi ndogo. Nilitaka kumwambia hapo hapo kwenye simu: usinywe chochote mpaka unione mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Mwenzangu wa zamu, kijana aliyekuwa na miezi miwili tu kwetu, akaingia kuchukua glavu. Nikasema kwa sauti ya furaha, "Haya, msalimie mama," nikakata simu.

Jumanne nikatia tiki ya tano.

Jumatano nilikwenda Oyugis kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko na Mjaluo miaka mingi iliyopita. Nilienda kwa sababu nilikuwa silali na nilitaka kukaa jikoni kwa mtu mwingine. Tukaketi tukimenya viazi vitamu, yeye akizungumza habari za kuku wake, mimi nikiitikia. Ilikuwa inakaribia saa tano. Sijui kilichonisukuma, labda nilitaka kusikia mtu akiniambia kila kitu kitakuwa sawa. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, hizi siku nne za Wajaluo baada ya kuzika mwanamume zinahesabiwaje. Nikamwambia kuna mtu tunayemjua, mzee wao kazikwa Jumamosi, naye anasema ataondoka kesho.

"Kuzika Jumamosi?" dada akasema. "Basi Jumanne wamenyolewa. Huyo mtu wako ni wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Nani amekudanganya kesho? Wa kwanza ndiye anafungua njia. Akikaa yeye, wadogo wake wote wanakaa, na wengine kazi zao ziko Nairobi. Wanamsukuma atoke mapema. Huyo ametoka leo alfajiri, hata chai hajanywa."

Kisu kilinitoka mkononi. Dada alidhani nimejikata. Nikatoka nje na simu, nikampigia mwenzangu, nikajitahidi sauti iwe ya kawaida.

"Yule fundi wetu amefika leo?"

"Amefika, madam. Alikuja na mkewe, wamenyoa vichwa, hata sikumtambua haraka. Saa mbili kamili. Nimeangalia kitabu, hajakosa hata siku moja. Nikampa tisini yake."

"Ulimuuliza kama alikunywa jana?"

"Nilimuuliza. Aliangalia kitabu, akasema ndio."

Nikasema, "Sawa. Asante."

Hilo asante linanitoa jasho mpaka leo. Kijana alikuwa kwenye simu, sanduku la sindano za naloksoni liko hatua nne kutoka alipokuwa amesimama, na naloksoni ndiyo inayomrudisha mtu aliyezidiwa. Nilikuwa na kila kitu mkononi. Nikasema asante kwa sababu kusema lingine kulihitaji kusema tiki ni zangu.

Badala yake nikampigia mke wa fundi. Namba yake nilikuwa nayo, kwani kila mgonjwa wetu ana msaidizi wake, na yeye ndiye aliyeandikwa. Huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, lakini siku hiyo alikuwa bado nyumbani, wamefika asubuhi ile kutoka matanga na kupitia kliniki.

Nikamsalimia. Nikampa pole. Nikamuuliza matanga yameishaje, na mama mkwe anaendeleaje, na watoto. Nikauliza, "Na bwana?"

"Amelala, sista. Alifika tu akaanguka kitandani. Wiki nzima hajalala, sasa leo ndio amepata."

"Basi apumzike," nikasema. Nikakata.

Nilikaa kando ya tangi la maji la dada yangu kwa dakika ishirini hivi. Najua ni ishirini kwa sababu simu huweka saa, na baadaye nilitazama mara nyingi saa za zile simu mbili nilizompigia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nitasema niliogopa nini, kwa mfuatano ule ule hofu zilivyonijia. Kwanza niliogopa kupoteza leseni ya unesi. Pili niliogopa kufungwa, maana dawa ile ni ya kufungiwa kabatini na nilikuwa nimemwaga dozi tano za serikali kwenye sinki. Tatu niliwaona wanangu wakiambiwa shuleni. Mtu mwenyewe alikuja wa nne. Nilijiambia yeye ni mkubwa wa mwili. Nilijiambia tangu saa mbili ni saa tatu zimepita na angekuwa wa kufa angekuwa ameshakufa, wakati najua vizuri kabisa kwamba methadoni hupanda polepole na ndiyo kwanza inakaribia kileleni.

Dada akatoka kunitazama. Akaniuliza kama ni tumbo. Nikamwambia ndiyo, ni tumbo.

Kisha nikafikiri juu ya neno alilosema mke wa fundi: leo ndio amepata. Nikapiga tena.

"Bado amelala?"

"Analala tu vizuri, sista. Anakoroma."

"Anakoroma vipi?"

"Kama mtu mzito. Anakoroma, ananyamaza, halafu anaanza tena. Hakoromangi hivi."

"Mwamshe."

"Sista, mtu ametoka kuzika babake..."

"Mama, mwamshe. Sasa hivi. Mtikise."

Nikasikia simu ikiwekwa chini, nikasikia akimwita, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. Akarudi. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Haamki."

Nikamwambia afungue mlango mwanga uingie, aangalie midomo. Akasema imekuwa rangi ya jivu. Nikamwambia amgeuze ubavu, amsugue kifuani kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu, bila huruma, na asiache. Nikamwambia aweke simu karibu na asikate. Kisha nikaingia jikoni, nikachukua simu ya dada mezani bila kuomba, nikampigia mwenzangu.

"Zile tiki za fundi ni zangu," nikamwambia. "Hajanywa siku tano. Beba naloksoni yote iliyoko, chukua boda, yuko nyumbani kwake, mkewe atasimama mlangoni. Kimbia."

Alinyamaza. Nadhani ilikuwa pumzi moja tu, lakini katika kimya kile nilisikia akielewa kila kitu: daftari, swali lake la asubuhi, mkono wake uliompa kikombe. Akasema, "Sawa, madam," nikasikia kabati likifunguliwa.

Dada alikuwa amesimama na sufuria mkononi, amesikia yote. Alikuja akanishika bega na kubaki hapo.

Nilirudi kwenye simu yangu. Nilimwambia yule mama anihesabie pumzi za mumewe kwa sauti, na zikikawia sana ambane pua na kumpulizia mdomoni, kama nitakavyomwambia. Alihesabu kwa Kijaluo. Achiel, moja. Kisha kimya, nami nikahesabu sekunde kwa vidole vyangu. Ariyo. Kimya. Nilifika sekunde kumi na moja. Adek. Baada ya hiyo ya tatu hakukuja kitu, na nikamwambia, "Pulizia," nikasikia akipuliza, nikasikia akilia huku anapuliza. Nyuma yake kulikuwa na redio ya jirani ikitangaza bei ya mahindi. Alifika ang'wen, ya nne, halafu akarudi achiel, sijui kwa nini, akaanza upya, na mimi sikuthubutu kumsahihisha.

Kijana alifika. Nilijua kwa mlio wa boda, kisha sauti yake ikisema, "Mama, nipishe kidogo." Ya kwanza alimdunga pajani. Hakuna kitu. Ya pili. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni Oyugis, kati ya maganda ya viazi. Halafu nikasikia mtu akivuta hewa kwa kelele, akikohoa, akitukana kwa Kijaluo na kuuliza ni nani amemkanyaga kifua.

Haikuishia hapo, maana naloksoni huisha mwilini kabla ya methadoni, na kabla saa nzima haijapita alianza kuzama tena. Walikuwa wameshamfikisha hospitalini, akawekewa dripu. Nami nilifika huko saa nane na nusu. Safari yenyewe siikumbuki.

Alikuwa macho, amelazwa chali, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Mkewe alikuwa ameketi kando, kijana wetu amesimama ukutani, na daktari wetu wa kliniki ameshika kalamu na faili. Daktari alikuwa akimuuliza mgonjwa imekuwaje daftari liseme hivi na mwili useme vingine. Kumbe kijana alikuwa hajasema. Alikuwa amemwambia daktari tu kwamba mgonjwa amezidiwa, akaniachia mengine.

Fundi aliponiona nikiingia, alisema haraka, kama mtu anayewahi kuziba mlango.

"Mimi ndio nilidanganya, daktari. Hizo siku nilikuwa natuma mtu anakuja na namba yangu. Sista hajui kitu. Hata huyu kijana nilimdanganya."

Daktari akaandika. Mgonjwa anayetuma mtu mwingine anywe kwa namba yake hufutwa siku hiyo hiyo, hata hakuna kungoja mara ya tatu. Yule mtu alikuwa analijua hilo. Saa tatu zilizopita alikuwa haoni wala hasikii, na sasa, kwa ulimi mzito, alikuwa anatoa nafasi yake, ile aliyoilinda kwa machozi na kutapika nyuma ya zizi, ili mimi nibaki na kazi.

Ningependa kuandika kwamba nilisema papo hapo. Nilinyamaza. Nilitazama dripu ikidondoka. Nilifikiri, labda ataandikishwa tena baada ya muda, labda nitamsemea baadaye, kwa utaratibu. Kisha nikainua macho na kukuta kijana ananitazama kutoka ukutani. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja nimwonyeshe jinsi ya kufanya jambo asilolijua.

Nikasema. Sijisifu kwa hilo, nilisema kwa kuwa nilikuwa natazamwa. Nilieleza Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na sinki, na simu ya nyuma ya zizi. Daktari alifuta alichoandika. Hakunifokea. Aliniambia tu nitoke nje nikamngoje, na nikatoka.

Nilipewa barua. Sitaeleza yote yaliyomo. Niliondolewa dirishani kwa miezi kadhaa, nikapelekwa kufunga vidonda jengo la pili, na leseni yangu ilikaliwa vikao viwili kabla ya kurudishwa. Fundi alianzishwa upya kwa dozi ndogo na jina lake likabaki. Ile sheria ya mara tatu ilijadiliwa na kulegezwa, na sasa mtu mwenye matanga anaandikwa tangu mwanzo, kila kabila na siku zake, na daktari anahangaika mapema kutafuta njia. Kila dozi inawekwa sahihi mbili. Haya yote ni mazuri, nami nilitoa mchango wangu kwenye kikao kana kwamba nilikuwa mtu mwenye busara.

Wiki mbili baada ya tukio nilikwenda sokoni kumwona mke wa fundi. Nilibeba sukari. Alikuwa kwenye meza yake ya omena, akaipokea, akanipa kiti cha plastiki. Aliendelea kuwapimia wateja kwa mkebe, na katikati ya mteja mmoja na mwingine akaniuliza, bila kunitazama.

"Sista, siku ile ulinipigia mara mbili."

"Ndiyo."

"Ya kwanza ulinisalimia. Uliniuliza mama mkwe."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na uhakika. Maneno hayo yalikuwa tayari kinywani, na yangekuwa na ukweli kidogo ndani yake. Niliona mikono yake imesimama juu ya omena.

"Nilijua," nikasema.

Hakupiga kelele. Alimaliza kumfungia mteja, akamrudishia chenji, akasema pole pole, ili Kiswahili chake kisikosee njia.

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando yake, nafua nguo za matanga. Nilisikia anakoroma, nikafurahi. Hizo dakika zote, nilikuwa nafurahi."

Niliinuka, nikarudisha kiti mahali pake, nikaaga.

Niliporudishwa dirishani, sababu ni kwamba tuko wachache na si kwamba nilisamehewa, asubuhi ya kwanza nilimkuta fundi mbele ya foleni na mkewe yuko naye. Tangu hapo anakuja naye kila siku kabla ya kwenda sokoni, mvua au jua, na fundi hajakosa hata mara moja. Wakubwa wakija kutembelea huonyeshwa mstari wake kwenye daftari. Yeye bado ananiita nyar Kuria na kunichekea. Mimi hupima dozi yake mara mbili kabla ya kumpa mwenzangu aikague.

Mkewe hanisalimii. Anasogea mpaka dirishani, ananiambia, "Jana alikunywa," kabla sijamuuliza mumewe chochote. Kisha anasimama pale pale, anatazama kalamu yangu mpaka nimalize kuandika.